Mei Mosi, raundi 26

Leon Cadore alikaa siku tatu hawezi kuinua mkono achane nywele zake. Ni maneno yake mwenyewe. Mara ya kwanza kuyasoma nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwangu hapa Columbus, Ohio, simu mkono wa kushoto, binti yangu wa miaka tisa kasimama nyuma yangu na kitana. Bega langu la kulia lilikuwa limegoma. Nilikuwa nimetoka kwenye wiki nzima ya zamu za usiku katika ghala moja la vifurushi, muda wa saa kumi kila usiku: unainua boksi kutoka kwenye mkanda, unageuka, unaliweka kwenye toroli, unarudi kuchukua jingine. Mwanangu alinichana kama anavyochana midoli yake, anaanzia kwenye mashina badala ya nchani, machozi yananitoka, lakini nilimwacha amalize.

"Sikiliza hii," nikamwambia. "Kuna mtu naye alishindwa kujichana."

"Alikuwa anabeba maboksi, mama?"

"Hapana. Alikuwa anarusha mpira wa besiboli."

Aliurusha tarehe 1 Mei 1920. Nilipoiona tarehe niliurudia ukurasa tangu mwanzo.

Kwetu Tanga tarehe hiyo ina jina lake. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandari, na Mei Mosi ilikuwa siku pekee ya mwaka aliyovaa kofia mpya. Walipewa fulana na kofia zenye kaulimbiu ya mwaka, wanapanga mistari nyuma ya bango lao, wanaandamana hadi uwanja wa Mkwakwani. Sisi watoto tulikimbia pembeni ya barabara tukimtafuta kila mtu baba yake, na kwa kuwa wote walivaa fulana moja, mimi wangu nilimjua kwa mwendo: alitembea bega moja limeshuka, lile la magunia. Mchana redio zilifunguliwa mtaa mzima kwa hotuba ya Rais. Watu walivumilia yote yaliyotangulia wakisubiri neno moja, nyongeza. Likitajwa, utasikia shangwe nyumba hadi nyumba. Lisipotajwa, baba anaivua ile kofia taratibu, anaiweka juu ya kabati, anaomba chai.

Hapa Marekani Mei Mosi ni siku ya kazi kama nyingine. Nilipofika niliomba ruhusa siku hiyo, msimamizi akaniuliza ni sikukuu ya nchi gani. Sikuwa nimejua jibu wakati ule. Ni sikukuu ya kwao. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani kwa maelfu waligoma kudai siku ya kazi ya saa 8, na Chicago ndiyo ilikuwa moyo wa mgomo. Siku tatu baadaye, katika uwanja wa Haymarket mjini humo, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa wafanyakazi, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, na viongozi kadhaa wa wafanyakazi wakaja kunyongwa. Mwaka 1889 mkutano wa wajamaa uliofanyika Paris ndio uliochagua Mei Mosi iwe siku ya wafanyakazi dunia nzima. Wamarekani wakachukua Septemba, na tangu 1894 hiyo ndiyo ya serikali. Kwa hiyo baba yangu alikuwa akiandamana Tanga kwa ajili ya watu wa Chicago, na mimi niliyehamia nchi yao ndiye ninayeingia zamu.

Ndipo nikaanza kuitafuta Mei Mosi ndani ya besiboli. Mchezo wenyewe nilikuwa nimeshaupenda. Hapa mjini tuna timu ya ligi ya chini, Clippers, na kulikuwa na siku walizouza soseji kwa senti 10. Mama mwenye mtoto mmoja na mshahara wa saa hawezi kuipita siku ya namna hiyo. Lakini kilichoniingiza ni rede. Kama umecheza rede utanielewa: warushaji wawili, mmoja huku mmoja kule, wewe uko katikati na chupa yako, unajaza mchanga huku jicho liko kwenye mkono wa mrushaji. Mpira wa soksi ukikugusa, umekufa. Niliwahi kuwa hatari sana kwenye rede. Siku ya kwanza nilipomwona mchezaji wa besiboli amesogea hatua tatu nje ya besi, kile kituo cha mkimbiaji, kainama, anamtazama mrushaji mkononi, akisubiri kuchomoka, mwili wangu ulimwelewa kabla sijajua sheria hata moja.

Sheria zenyewe kwa ufupi: timu moja inarusha na kudaka, nyingine inapiga kwa gongo. Mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo kama kichuguu, mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji kwa ishara ni mpira wa aina gani anautaka. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Zote zikishapiga, hiyo ni raundi moja. Raundi 9 ni mchezo mzima, na wakiwa sare wanaongeza mpaka apatikane mshindi.

Mei Mosi ya kwanza niliyoipata ni ya 1884, miaka miwili kabla ya mgomo wa Chicago, na ni ya mtu wa Ohio. Moses Fleetwood Walker alizaliwa Mount Pleasant mwaka 1856, akasoma chuo cha Oberlin na kisha Chuo Kikuu cha Michigan. Alikuwa mdakaji wa timu ya Toledo, na mwaka huo Toledo iliingia katika moja ya ligi kuu za wakati ule. Mchezo wa kwanza ulikuwa Louisville, Kentucky. Kwa kuingia uwanjani siku ile Walker akawa mtu wa kwanza kucheza ligi kuu akiwa Mweusi waziwazi, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, ambaye wengi humtaja kuwa wa kwanza.

Alicheza vibaya. Hakupata pigo hata moja, akafanya makosa manne, Toledo ikafungwa 5 kwa 1. Watu wanaoandika kuhusu siku hiyo huipitia haraka sehemu hii kama wanaona haya kwa niaba yake. Mimi naisoma polepole. Miaka mitatu kabla, mwaka 1881, Walker alifika mji uleule wa Louisville na timu ya Cleveland, wenyeji wakakataa kucheza kama yeye yumo. Sasa amerudi mji uleule, mbele ya timu ileile, kazi yake ni kuchuchumaa na kudaka mipira inayokuja kwa kasi, katika zama ambazo mdakaji alidaka kwa glavu nyembamba au mikono mitupu. Siku yako ya kwanza kazini, mahali walipokufukuza. Nani mikono yake isingetetemeka?

Na kulikuwa na jingine. Mrushaji hodari wa Toledo, Tony Mullane, yeye mwenyewe mhamiaji kutoka Ireland, alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba Walker ndiye mdakaji bora aliyewahi kufanya naye kazi, lakini kwa kuwa hakuwapenda watu Weusi, alikuwa akirusha anachotaka bila kutazama ishara zake. Fikiria mdakaji anayeomba mpira wa huku, unakuja wa kule, kwa makusudi, kutoka kwa mwenzake wa timu, mchezo baada ya mchezo. Vidole vya Walker ndivyo vilivyolipa. Mimi nimefanya kazi na mtu wa namna hiyo, anayekusukumia boksi zito bila kukwambia "zito hilo". Kila nikiisoma habari ya Mullane mkono wangu unajikunja.

Alicheza mechi 42 tu katika ligi kuu. Kabla ya safari ya Richmond, Virginia, timu ilipokea barua ikidai kwamba watu 75 wameapa kumvamia Walker akitokea uwanjani. Alikuwa ameshaumia, hakwenda. Mwaka 1887 wakuu wa ligi aliyokuwa akichezea wakati huo walipiga kura kwamba wachezaji Weusi wasipewe mikataba mipya, na mlango ukaendelea kufungwa mpaka Robinson alipoingia mwaka 1947. Alifariki Cleveland mwaka 1924, akazikwa Steubenville. Kwa gari ni mwendo wa asubuhi moja kutoka kwangu. Nimeshamwahidi binti yangu tutakwenda.

Sasa turudi kwa Cadore.

Boston, uwanja wa Braves, Mei Mosi ya 1920. Siku ya mvua na baridi, watu elfu chache tu majukwaani. Wageni ni Brooklyn, mrushaji wao Leon Cadore. Wenyeji ni Boston Braves, mrushaji wao Joe Oeschger. Walianza saa tisa alasiri. Brooklyn walipata pointi moja raundi ya tano, Boston wakasawazisha raundi ya sita. Baada ya hapo, hakuna. Raundi ya tisa ikapita, 1 kwa 1. Ya kumi na tano, 1 kwa 1. Ya ishirini. Warushaji wote wawili bado wako palepale kwenye kichuguu, hakuna aliyebadilishwa.

Leo hili haliwezekani. Mrushaji wa siku hizi akikaribia mipira 100 kocha anaanza kupiga simu kwa walio akiba, na raundi za ziada zinaanza na mkimbiaji ambaye tayari amewekwa besi ya pili ili mchezo uishe mapema. Mwaka 1920 hakuna aliyehesabu mipira. Waliokuja kukadiria baadaye wanasema kila mmoja alirusha zaidi ya 300. Nimejaribu kulipima hilo kwa bega langu. Mpira wa besiboli ni mwepesi kuliko boksi langu jepesi kabisa, lakini boksi halihitaji nguvu zako zote. Mpira ule unauhitaji mwili mzima, kuanzia kidole gumba cha mguu, na ukilegeza mmoja tu, mtu anaupiga unavuka ukuta na kazi ya saa tatu imepotea.

Charlie Pick wa Boston alisimama kupiga mara 11 bila kupata pigo hata moja. Wachezaji wa nyuma yao walikimbia, wakateleza kwenye nyasi mbichi, wakaokoa mipira ambayo kwa haki ilikuwa ishapita. Hakukuwa na taa. Mchezo wa kwanza wa usiku katika ligi kuu ulikuja 1935. Jua lilipozama, baada ya raundi ya 26, mwamuzi Barry McCormick akasema basi. Inasimuliwa kwamba Ivy Olson wa Brooklyn alimsihi waongeze moja tu, wafike 27, ili waseme wamecheza michezo mitatu kamili kwa mkupuo. McCormick akakataa. Saa moja kasoro dakika kumi jioni. 1 kwa 1. Mpaka leo hakuna mchezo mwingine wa ligi kuu uliofikia raundi 26.

Binti yangu, kitana mkononi, aliuliza nani alishinda. Nilipomwambia hakuna, alikasirika kabisa.

"Sasa walicheza yote hayo kwa nini?"

Sikumjibu, maana nami nilitaka kujua. Raundi 20 za mwisho wanaume wawili hawakuruhusu pointi hata moja, na ubaoni imeandikwa sare. Cadore akaenda na mkono wake uliokufa. Oeschger aliishi mpaka 1986, akafika miaka 94, na baada ya besiboli alifundisha michezo shuleni San Francisco. Huyo nampenda zaidi. Nawaza watoto wanaolalamika kukimbia mzunguko wa pili wa uwanja, bila kujua mwalimu wao aliwahi kusimama kazini raundi 26.

Siku ileile, New York, Babe Ruth alipiga homurani, pigo linalovuka ukuta, yake ya kwanza akiwa na Yankees, dhidi ya Red Sox, timu iliyokuwa imemuuza miezi michache kabla kwa dola 100,000. Gazeti lolote lingekuambia hiyo ndiyo habari kubwa, na labda ni kweli, maana mwaka huo alipiga 54 na mchezo mzima ukabadilika. Mei Mosi ya 1951, Comiskey Park, Chicago, kijana mwingine wa Yankees, Mickey Mantle, naye alipiga homurani yake ya kwanza katika ligi kuu. Ruth na Mantle wana waandishi wa kutosha.

Kwenye mchezo uleule wa Mantle, upande wa pili, kulikuwa na Minnie Miñoso. Mcuba, mtoto wa mashamba ya miwa ya Matanzas. White Sox, timu ya Chicago, walikuwa wamempata jana yake tu, na Mei Mosi aliposimama kupiga kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kwanza Mweusi wa timu hiyo, aliupiga mpira wa Vic Raschi ukatoka nje. Yankees walishinda 8 kwa 3, lakini Chicago ilipata mtu wake. Miñoso alisimama karibu mno na mpira, haogopi, na kwa misimu 10 hakuna katika ligi yake aliyegongwa na mipira mara nyingi kuliko yeye. Anagongwa, anajipangusa, anatembea hadi besi ya kwanza. Jumba la Mashujaa wa besiboli lilimwingiza mwaka 2022, miaka saba baada ya kufa. Hilo linaniuma. Watu wa miwa huwa wanalipwa wakishazikwa.

Halafu ikaja Mei Mosi ya 1991, ambayo mashabiki wengi huitaja kwanza. Mchana, Oakland, Rickey Henderson aliiba besi yake ya 939, yaani kuchomoka hadi kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, na kuipita rekodi ya Lou Brock, aliyekuwepo palepale. Rickey aling'oa besi ardhini akaiinua juu kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Alipopewa kipaza sauti alimshukuru Mungu, mji wa Oakland, mama yake, kisha akasema Brock alikuwa mwizi mkubwa wa besi lakini leo mimi ndiye bora wa nyakati zote. Wakamwita mwenye majivuno mpaka kufa kwake, Desemba 2024. Mimi nimelelewa kutojisifu. Bibi angesema chema chajiuza. Lakini nimefanya kazi miaka mingi mahali ambapo chema hakijiuzi, kinachukuliwa tu, na msimamizi anatajwa. Rickey aliisema kweli iliyopimwa kwa namba. Alimaliza na besi 1,406, na hakuna aliyemkaribia.

Usiku wake, Arlington, Texas, Nolan Ryan alikuwa na miaka 44. Kabla ya mchezo alimwambia kocha wake kwamba anajisikia mzee, mgongo unauma, kila mahali panauma. Kisha akawakabili Toronto raundi 9 bila kumpa yeyote pigo safi hata moja, akawatoa 16 kwa kuukosa mpira. Ilikuwa mara yake ya saba kufanya hivyo. Anayemfuata alifanya mara nne. Wa mwisho kutolewa alikuwa Roberto Alomar, mtoto wa mwenzake wa zamani, ambaye baba yake alikuwa akicheza nyuma ya Ryan mwaka 1973 alipofanya hivyo mara ya kwanza. Alicheza na baba, akaja kumtungua mtoto, na bado ana zamu.

Mwaka huu Mei Mosi ilinikuta natoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nilikaa ndani ya gari, injini imezimwa, nikampigia baba. Tanga ilikuwa saa saba mchana. Nyuma yake nilisikia redio na jirani akigombana na kuku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umetoka kazini?"

"Nimetoka. Umekwenda Mkwakwani?"

"Nimewatazama barabarani tu. Miguu hii." Kisha akaniuliza bega. Nikamwambia linaendelea, na ili nisiliongelee zaidi nikamsimulia habari ya Cadore na Oeschger, yote, tangu saa tisa hadi giza. Baba besiboli haijui, lakini saa za kazi anazijua. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha mchezo huo.

"Walilipwa ovataimu?"

Hapana baba. Walikuwa na mshahara wa msimu, uwe umerusha raundi 9 au 26. Na mkataba wa enzi hizo ulimfunga mchezaji kwa timu yake mwaka baada ya mwaka. Hakuweza kuhama hata msimu ukiisha, mpaka timu yenyewe imuuze au imwache. Nikamwambia kwamba ilichukua chama cha wafanyakazi, ndiyo, wachezaji wana chama kabisa, kuivunja kamba hiyo mwaka 1975. Ndiyo maana yule mzee wa Texas, Ryan, mwaka 1979 aliweza kwenda alikotaka na kuwa wa kwanza kulipwa dola milioni moja kwa mwaka.

"Wale wawili walikuwa wameshakufa?"

"Mmoja. Yule mwalimu alikuwa hai bado."

Baba akanyamaza. Redio ikaendelea.

"Na kesho yake, mama? Walipumzika?"

"Timu ya Brooklyn ilirudi kwao usiku uleule. Kesho yake wakacheza raundi 13, wakafungwa. Keshokutwa wakarudi tena Boston, raundi 19, wakafungwa."

Nikamsikia anajumlisha kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akihesabu magunia.

"Hamsini na nane."

"Ndiyo baba. Siku tatu."

"Haya," akasema. "Washa gari uende nyumbani, mtoto akukande hilo bega."